Chai ya asubuhi Lamu: ipi ununue, ipi uiache

Sisi wa Tanga tukienda Lamu kwa Maulidi hubishana na makondakta mpaka shilingi ya mwisho. Kisha tunafika gesti, tunaambiwa "chumba ni pamoja na chai", tunaitikia kama waliopewa zawadi. Chai hiyo umeilipia, na umeilipia bila kuiona.

Kwa hiyo pale mapokezi uliza kwanza: "Bila chai, chumba bei gani?" Tuseme wanakupunguzia shilingi 500 za Kenya kwa kila mtu. Watu wawili, siku nne, ni 4,000. Wakikataa kupunguza, kunywa chai yao, maneno yaishe.

1. Chumba kitupu, chai nje. Hii ndiyo ya kwanza kwangu, wala haina mshindani. Ingia Usita wa Mui, ile njia ya ndani inayokwenda sambamba na pwani, uelekee mtaa wa Langoni, au zunguka Mkunguni mbele ya ngome, karibu na soko. Huko "hoteli" ni mahali pa kula, kitanda usikiulize. Agiza mahamri na mbaazi za nazi. Hamri zuri ukilivunja lina uwazi ndani na linanukia iliki. Likikuachia vidole vinameremeta mafuta, hilo ni la jana limerudishwa karaini. Mbaazi ziwe zimeshikana na tui zito. Ukiona maji meupe yanaelea juu, sogea mlango wa pili. Fika saa moja na nusu, maana baada ya saa tatu unakuta makombo ya sufuria. Uzuri mwingine ni kwamba mahamri huhesabiwa moja moja: umekula matatu, unalipa matatu. Mtu wa Dar asiyeweza kuanza siku bila supu atafute mkate wa mofa wa kuchovya kwenye supu hiyo, na atasahau chapati kwa muda. Kahawa tungu iache mpaka jioni, ndio wakati wake barazani.

2. Nyumba ya kupanga yenye mpishi. Mkiwa sita au zaidi, hii inakaribia ile ya kwanza. Mayai, matunda na unga mnanunua sokoni wenyewe. Ulizeni mapema kama ujira wa mpishi umo kwenye kodi, msije mkashtukia siku ya kuondoka.

3. Chai ya gesti, juu darini. Hapa unanunua upepo na mashua unazoziona kule chini. Chakula chenyewe ni bahati yako. Gesti moja nililetewa vipande viwili vya mkate, yai moja, na maji ya uvuguvugu yenye kifuko cha majani. Juisi nikaandikiwa kwenye bili. Tangu hapo nauliza: mayai mangapi, juisi imo, na mahamri yapo au ni tosti tu? Wakijibu kwa kusitasita, jibu umeshalipata.

4. Bufee ya hoteli kubwa. Kama umelala mjini ukaifuata Shela, kijiji cha jirani, ongeza nauli ya boti, na uulize kama VAT ya asilimia 16 imo kwenye bei. Mimi tumbo langu asubuhi halibebi bufee. Mwenye watoto wanne wenye njaa huenda akanicheka.

Ramadhani orodha hii inapinduka. Hoteli za mtaani hufungwa mchana, hivyo mgonjwa au mwenye watoto achukue chumba chenye chai bila kubishana.

Na asubuhi ya kuondoka usitegemee mahamri. Mabasi yanaanzia Mokowe, ng'ambo, na boti ya kukuvusha inaondoka mapema mno. Waambie gesti usiku wakufungie mayai ya kuchemsha na ndizi. Mbaazi usijaribu kuzibeba botini; kanzu yangu ya Maulidi mpaka leo ina doa la tui.