Sanduku la maoni au kikao cha asubuhi?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza ubaguzi kazini kwa kabila, dini, jinsia au ulemavu, lakini mnyonge atasemea wapi? Sanduku ni rahisi: mbao na kufuli tu. Kikao hula nusu saa ya kila mtu. Sanduku humlinda dada anayemwogopa msimamizi wake, ila halimfai kiziwi asiyezoea kuandika; yeye anataka kikao chenye mkalimani wa lugha ya ishara. Kikao cha saa moja asubuhi, nacho, humwacha nje anayengoja feri Likoni, Mombasa.

Nimeona sanduku la vumbi tupu, karatasi zimegeuka njano. Kama halifunguliwi kila wiki, afadhali lisiwepo. Godauni la Changamwe ambako wafanyakazi wana woga lianze na sanduku. Duka la watu sita, kaeni mzungumze.