Wiki ya mihadhara ya wazi chuoni: nendeni, ila siku ya ufunguzi mnaweza kuiruka

Wadau, kuna watu wameniuliza kama ile wiki ya mihadhara ya wazi kwenye chuo kimoja hapa Dar ina maana yoyote kwa mtu ambaye si mwanafunzi na wala hana mpango wa kuwa mwanafunzi. Jibu langu ni ndiyo tena sana, ila inategemea unaenda siku gani na saa ngapi. Jina la chuo sitalitaja kwa sababu nina malalamiko yangu humu na yaliyonikera pale nimeshayaona na kwingine, sitaki chuo kimoja kibebe lawama za wote.

Kwanza kabisa kiingilio ni bure. Bure kweli, hakuna cha kununua kitambaa wala fulana. Unajaza fomu kwenye simu au unaandika jina getini, mlinzi anaangalia kitambulisho, NIDA au cha mpiga kura au hata leseni, unapita. Hapo getini ndipo tatizo la kwanza, maana nilikuta baba mmoja mtu mzima amerudishwa kisa hana kitambulisho, na tangazo lilisema wazi wananchi wote wanakaribishwa na halikusema neno lolote kuhusu kitambulisho. Kama ni sharti si wangeliandika kwenye tangazo? Mtu ametoka Chanika huko na nauli yake kapanda gari mbili, anafika anaambiwa geuza. Iliniuma aisee.

Sasa ufunguzi. Ratiba ilisema saa tatu kamili asubuhi na watu tulikuwa tumekaa kabla ya hapo, ukumbi umejaa, wanafunzi wamevaa suti, kwaya iko tayari. Mgeni rasmi akaingia saa tano imeshapita. Halafu ndio zikaanza salamu, kila anayepanda anasema itifaki imezingatiwa na bado anarudia kuwataja wote waliotajwa na mwenzake, meza kuu ina watu wengi kuliko viti, wakaongezewa viti, picha ya pamoja ikapigwa kabla ya mada kuanza. Mtoa mada mkuu, mama mmoja profesa ambaye kwa kweli alikuwa amejiandaa, ana karatasi zake zimepigwa mistari ya rangi, akapewa dakika zilizobaki. Akaruka kurasa. Mwongoza mjadala akasema tutapokea maswali matatu tu kwa sababu ya muda, na mikono iliyonyooka pale ilikuwa haihesabiki.

Hapo mimi ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu mhadhara wa wazi bila maswali ni hotuba tu, na hotuba tunazo za kutosha kwenye redio. Na Dar es Salaam si mji wa kufundishwa hili jambo leo. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza 1961 mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU kabla ya kuhamia Mlimani 1964, yaani kilizaliwa katikati ya watu, daladala zinapita nje siku hizi. Miaka ya sitini mwishoni na sabini Walter Rodney, yule mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa anafundisha Mlimani, kile kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972 na Tanzania Publishing House ya hapahapa ni mmoja wa waliokichapa. Wazee waliosoma wakati ule ukiwauliza wanakumbuka nini watakwambia mabishano, mtu anasimama anampinga mwalimu wake mbele ya ukumbi mzima na anajibiwa kwa hoja. Na baadaye pale pale chuoni Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa cha kuendeleza mijadala, kilianzishwa 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, mwaka 2009 wakamleta Wole Soyinka mwenyewe, yule mwandishi wa Nigeria mwenye tuzo ya Nobel, akatoa mihadhara. Huo ndio urithi wetu. Sasa ukiwa na urithi wa namna hiyo halafu unasema maswali matatu tu, hapana.

Ila nisiwachoshe na ufunguzi, maana kilichonifanya niandike haya yote ni mhadhara wa jioni kuhusu mto Msimbazi, na huo ulikuwa kwenye chumba cha kawaida cha darasa, viti vya mbao, feni mbili, projekta inayumbayumba, hakuna meza kuu wala maua. Ulianza saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo watu wanaotoka kazini waliwahi. Nimekulia Kigogo mimi, huo mto naujua tangu mdogo, lakini nilitoka pale nikiwa naujua upya.

Mtoa mada, kijana tu wa uhandisi wa maji, alianza na kitu kidogo sana. Akauliza nani hapa ana nyumba yenye bati. Mikono ikanyooka. Akasema mvua ya milimita moja ikidondoka juu ya bati lenye mita moja ya mraba inakuwa lita moja. Sasa nyumba yako ina bati mita za mraba mia, mvua imenyesha milimita hamsini usiku mmoja, piga hesabu. Lita 5,000. Simtanki kubwa lile, limejaa, kutoka kwenye paa lako peke yako. Zamani eneo lile lilikuwa shamba la mikorosho na mihogo, maji yanazama ardhini taratibu, leo ni bati na zege na vibaraza vya pavingi kutoka Pugu kushuka mpaka huku, kila nyumba inamwaga simtanki lake barabarani usiku uleule na yote yanatafuta njia moja. Chumba kilinyamaza. Mimi nilikuwa najua mafuriko yanaletwa na takataka na watu kujenga bondeni basi, kumbe anayejenga juu Kisarawe huko au Ukonga naye amo, hata kama maji hayajawahi kumgusa.

Halafu akaja kwenye mchanga. Mto unatoka milima ya Pugu, si mrefu, ila unabeba mchanga mwingi kwa sababu kingo zimekatwa na wachimba mchanga na mboji imeondoka, mchanga unashuka unatulia palipo tambarare yaani Jangwani pale, kina kinapungua, chini ya daraja nafasi ya maji inazidi kuwa ndogo. Ndio maana barabara ya Morogoro inafungwa pale kila mvua zikikolea. Akaonesha picha za Desemba 2011, wengi mnaikumbuka ile, watu walikufa, waliobaki bila makazi wakapelekwa Mabwepande. Kulikuwa na mzee nyuma yangu akawa anasema polepole majina ya mitaa kila picha inapobadilika.

Na kitu cha tatu ni bahari. Mto unaingia baharini pale daraja la Selander, na bahari ya kwetu inapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo bahari inapojaa kupita kawaida, mto hauna pa kutokea. Unasubiri. Na ukisubiri unapanda.

Hapo ndipo mama mmoja wa makamo, kajitanda khanga, akanyoosha mkono. Kijana akamwambia shikamoo mama, karibu. Marahaba mwanangu. Mama akasema yeye kakaa Magomeni Suna zaidi ya nusu ya umri wake, na ile ramani iliyopo ukutani inaonesha maji yanaingia kutokea mtoni, lakini kwao maji hayaanzii mtoni, yanaanzia nyuma kwenye mtaro. "Tukiona maji ya mtaro yanarudi yalikotoka, hata mvua haijakaza, tunajua bahari imejaa, hapo tunapandisha magodoro." Yule kijana hakusema asante kwa maoni yako mazuri. Alisogeza kiti, akampa ile fimbo ya kuoneshea akamwambia mama njoo hapa mbele utuoneshe ni mtaro upi. Mama akaenda. Akaonesha, akasahihisha na jina la mtaa mmoja lililokuwa limeandikwa vibaya, mara akasimama na kaka mwingine wa Mchikichini akaonesha wa kwao, mara mwanafunzi aliyekuwa anarekodi akaweka simu chini akaanza kuandika, na mtoa mada naye anaandika, anauliza ni saa ngapi kwa kawaida, inachukua muda gani mpaka inafika mlangoni. Tulitoka pale giza limeshaingia na hakuna aliyeangalia saa.

Jamani huo ndio mhadhara wa wazi. Mtaalamu kaja na vipimo vyake, mwananchi kaja na miaka yake ya kukaa bondeni, na wote wawili wameondoka wanajua zaidi. Na sasa hivi kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wamelipwa fidia wanahama, kwa hiyo haya si mambo ya kupitisha muda, ni nyumba za watu. Nilitamani mhadhara huu ndio ungewekwa ukumbi mkubwa siku ya kwanza na yule mama wa Suna ndio angekaa mbele.

Siku ya historia ya mji nilienda kwa hamu ila nilitoka nusu nusu. Mada ilikuwa nzuri, jinsi Sultani Majid wa Zanzibar alivyoanza kujenga hapa miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, Wajerumani wakahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo 1891, halafu Waingereza na mpango wao wa kugawa mji Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kwamba uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi ili kutenganisha watu. Hiyo ya Mnazi Mmoja ilinikaa sana kichwani kwa sababu napita pale karibu kila siku kwenda Kariakoo. Lakini mada yote ilitolewa kwa Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho, slaidi zimejaa maandishi madogo, na ukumbini walikuwepo wazee wa Gerezani na Ilala ambao ndio wenye hiyo historia yenyewe. Katikati wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu. Mtoa mada ni Mtanzania, Kiswahili chake ni kizuri tu, nilimsikia nje anaongea na simu. Kwa nini lakini? Kama kuna wageni watatu wasiojua Kiswahili watafutiwe kijana wa kuwatafsiria pembeni, wapo wengi pale wanaosomea hiyohiyo kazi.

Mahema ya afya yalikuwa sawa tu, presha na sukari unapimwa bure, foleni ndefu ila inaenda, na damu wanatoa, mradi una miaka 18 na kilo 50 kwenda juu. Nilichangia. Nesi alikuwa na mkono mwepesi, Mungu ambariki. Soda na biskuti vilikuwepo.

Ijumaa jioni ilikuwa ya darubini uwanjani na hii nilimpeleka mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili. Masika ilikuwa inaelekea kuisha kwa hiyo wingu lilitusumbua, tukasubiri, likafunguka. Wale vijana wa fizikia walikuwa wavumilivu kupita kiasi, kila mtoto anapata zamu yake na anaelezwa upya kama vile ni wa kwanza. Tulimwangalia Mshtarii, wengine mnaita Jupita, na pembeni yake vidoti vidogo vimejipanga mstari, ndio miezi yake minne mikubwa ambayo Galileo aliiona 1610. Mtoto alikaa kwenye darubini mpaka akaambiwa anko wewe sasa mpishe mwenzio. Halafu kijana mmoja akatuonesha kwa kidole tu, bila darubini, ule msalaba wa nyota nne upande wa kusini, akatugeuza kaskazini akatuonesha na zile nyota saba zilizojipanga kama upawa ambazo watu wa Ulaya wanazijua sana, akasema sisi tuko kama nyuzi saba tu kusini mwa ikweta ndio maana tunaziona zote mbili usiku mmoja, wenzetu wengi duniani wanaona za upande mmoja tu. Sikuwahi kuambiwa hilo shuleni. Tangu hapo mtoto anauliza mambo ambayo inabidi nikatafute.

Chakula ni kantini ya wanafunzi, wali maharage bei ya kawaida, na mama wa mihogo nje ya geti ni mzuri kuliko kantini. Vyoo visafi asubuhi, jioni maji hakuna. Maiki ya ukumbi mkubwa ilikuwa inakatika siku zote na hakuna aliyeibadilisha, na video walizorekodi humo sauti yake haisikiki vizuri, kwa hiyo usitegemee kwamba utakuja kuangalia baadaye.

Waandaaji kama mnasoma: wekeni mihadhara mingi jioni, punguzeni salamu zote ziwe dakika kumi, maswali yapewe nusu ya muda, na ule wa Msimbazi upelekeni ofisi za kata kule Kigogo na Mchikichini na Magomeni, watu watajaa na mtapata data ambayo hamna.

Kwa wenye watoto wa sekondari, Ijumaa ya darubini msiikose. Fikeni kabla giza halijaingia maana foleni inajengeka haraka, wabebe sweta kwa sababu uwanjani kuna upepo, na baada ya saa tatu usiku daladala zinakuwa za shida upande ule, bora mjipange watu watatu wanne mchangie bajaji mapema.