Otoklevu safi, wauzaji ovyo

Nawapa nyota mbili, na zote ni za mashine.

Kituo chetu kiko pembezoni mwa Dar. Bomba likikauka tunategemea kisima, na maji ya kisima hicho hata sabuni haitoi povu. Siku wanatufungia hii otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji kwa mvuke, nilimuuliza fundi wao, mganga mfawidhi akiwa amesimama pale pale: maji haya yatafaa kweli? Akacheka. "Sista, maji ni maji, wewe washa tu."

Tukawasha. Mwanzoni raha tupu: nyuzi 134, dakika chache, vifurushi vya upasuaji vinatoka vikavu kabisa. Ile ya zamani ilikuwa inavitoa vimelowa, na kifurushi kilicholowa huwezi kukipeleka theta, unarudia kazi yote, maji na umeme vimeenda bure. Baadaye vifaa vikaanza kutoka na madoa meupe, mikasi ikashika vidoa vya kutu kwenye maungio. Kisha asubuhi moja, mama anasubiri kupasuliwa, mvuke haupandi. Hita imeungua. Tukapakia vifurushi kwenye bajaji kwenda kuomba msaada hospitali ya jirani.

Akaja fundi yuleyule. Kufungua, hita imevaa ukoko mweupe mgumu kama jiwe. Maji yenye chokaa yakichemshwa, chokaa inajitenga na kuganda kwenye chuma cha moto. Joto linakosa pa kutokea, hita inajiunguza. Hayo alinieleza yeye mwenyewe, tena kwa madaha! Akachovya kipimo chake kwenye tanki, kikasoma zaidi ya maikrosimensi 1,000, yaani maji yamejaa chumvi na madini. Kitabu cha mashine kinataka isizidi 5. Akanigeukia: "Sista, hii mmeiua wenyewe. Gerenti hapo hamna."

Wenyewe! Mbona siku ya kufunga kipimo hicho hakikutoka kwenye begi?

Wakatuuzia mtambo wa kuchuja maji, bila kusema kwamba kwa kila ndoo safi unamwaga nyingine chafu mbili au zaidi. Mpira wake tumeuelekeza kwenye simtanki la vyoo na kudekia. Hilo ni wazo la mhudumu wetu wa usafi, si la wataalamu wao. Halafu otoklevu yenyewe ina pampu ya kuvuta hewa, nayo inakunywa maji kila mzunguko na kuyatupa mferejini. Mgao ukianza tunanunua boza, maji yapite tu yaende zake. Kumbe lipo tanki la kuyapoza na kuyarudisha kazini, limo hata kwenye orodha yao ya bei, ila hakuna aliyelitaja mpaka nilipoliona mwenyewe.

Kwa hiyo msinunue. Au nunueni, lakini maji yapimwe kwanza na majibu yaandikwe kwenye mkataba, msikubali ya mdomoni. Maana nisiseme uongo, tangu ipate maji safi haijanisumbua, na ukinirudishia ile ya zamani leo nitaikataa. Basi mashine naipandisha, nyota nne. Wale watu hawana hata moja: mpaka leo wananitumia meseji wakidai nauli ya fundi, ya siku ile ile aliyokuja kuniambia tumeiua wenyewe.