Puppy na boksi langu la Topfield: nilivyoiokoa mbio ya Rudisha

Nina Topfield TF5800 tangu enzi zile Freeview, TV ya kidijitali ya bure, imeshika hapa Uingereza, ni boksi la kurekodi TV lenye tyuna mbili (vipokezi vya chaneli) na hadidiski ndani, unarekodi chaneli mbili kwa mpigo. Rekodi ninayoijali humo ni moja tu, fainali ya mita 800 Olimpiki ya London, 9 Agosti 2012, Mkenya David Rudisha anaongoza mwanzo mwisho, 1:40.91, mimi napiga yowe mpaka jirani anagonga ukuta. Sasa boksi limezeeka linanguruma kama posho mill, nikasema hapana, halifi na mbio yangu.

Shida ni kwamba ukiichomoa ile diski ukaiweka kwa kompyuta haisomeki, ina mpangilio wake wa mafaili, si Windows si Linux. Njia ni waya wa USB. Ndio nikapata puppy, programu huria imeandikwa kwa C, hakuna vitufe hakuna mapambo, ni kuandika amri tu kwa teminali. puppy -c dir unaona orodha, get unavuta faili, basi. Bila turbo, yaani hali ya kasi, ni mwendo wa konokono, niliiacha nikaenda kulala. Ukiwasha turbo inakimbia lakini boksi halisikii rimoti kabisa, mama watoto alibonyeza weee akaniita mimi ndio nimeharibu TV.

Mimi na uvivu wangu wa kuandika majina ya mafaili marefu nikaanza kutengeneza kaprogramu kangu kwa Python, nikidhani ni kazi ya wikendi moja tu. Orodha ya kwanza ikaja "lOmyipsc". Nikalaumu waya, nikabadilisha waya, lOmyipsc. Nikazima boksi nikawasha, lOmyipsc. Nikaenda kupika chai. Nikiwa hapo nasubiri maji ndio nikaona, O na l zimebadilishana viti, y na m pia, ni "Olympics", kumbe data inatumwa baiti mbilimbili zimegeuzwa! Na jibu lilikuwa ndani ya msimbo wa puppy muda wote, pale inapogeuza pakiti na kupiga hesabu ya CRC (ya kuhakiki data haijaharibika), mimi tu sikuwa nimefungua kuchungulia sufuria ya mwenzangu.

Mwishowe nilitupa nusu ya kazi yangu, siku hizi kale kaprogramu kanaita puppy yenyewe, kanavuta faili moja moja, kanalinganisha ukubwa wa pande zote mbili, na hakafuti kitu hata ukikaomba. Puppy naipa nne kwa tano, hiyo moja nimekata kwa sababu maelezo yake ni mafupi kama SMS ya kuomba hela, na mara ya kwanza lazima uhangaike na ruhusa za USB kwa Linux.

Faili la .rec, yaani rekodi yenyewe ya boksi, nililipitisha kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha na kukata video, nikakata kipande cha dakika mbili nikamtumia mzee nyumbani Kitale kwa WhatsApp. Akajibu kesho yake: sauti iko chini.