Kozi ya mtandaoni kuhusu tabianchi ya kale: uzoefu wangu

Nafundisha Jiografia sekondari hapa Mwanza. Mwanafunzi aliniuliza kama tabianchi iliwahi kubadilika ghafla kabla ya viwanda, nikakosa jibu la kumridhisha. Ndipo nikalipia kozi ya wiki nne, kwa Kiingereza. Nimeimaliza juzi.

Kwa somo la pili peke yake, hela yangu haikupotea. Mhadhiri anaonyesha kipande cha barafu cha sentimita 19, kilichotolewa Greenland kwenye kina cha mita 1,855 na kumulikwa taa kwa chini. Nilisimamisha video nikahesabu kwa kidole: matabaka 11 ya kiangazi, na katikati yake weusi wa majira ya baridi. Miaka 11 ndani ya urefu wa kiganja! Hapo nikaelewa wanavyojua kwamba baridi iitwayo Younger Dryas ilianza miaka kama 12,900 iliyopita, ikadumu takriban miaka 1,200, kisha joto la Greenland likapanda nyuzi zipatazo 10 ndani ya miongo michache.

Kuhusu chanzo, ameeleza vizuri sana habari ya mkondo wa Atlantiki. Barafu ya Amerika ya Kaskazini ilipoyeyuka, maji matamu yalimiminika baharini. Kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, hayakuzama, na mkondo unaopeleka joto kaskazini ukadhoofika. Dai kwamba baridi hiyo ililetwa na kimondo kilichogonga dunia limepewa somo zima. Kwa maoni yangu ni kupita kiasi, maana ushahidi wake bado unabishaniwa vikali. Volkeno ya Laacher See ya Ujerumani, ambayo nayo hutajwa kama chanzo, imeguswa tu.

Kilichoniuma ni Afrika kusahauliwa. Ziwa Victoria, ninalopita kando yake kila asubuhi, lilikauka kiasi cha miaka 17,000 iliyopita, wakati milima ya barafu ikielea kwa wingi Atlantiki ya Kaskazini na mvua za huku zikipungua. Watafiti waliochimba sakafu ya ziwa walikuta udongo wa nchi kavu chini ya tope. Kozi haikulitaja hata mara moja! Nimewaandikia, sijajibiwa.

Video ni nzito, zinakula bando. Pakua maandishi kwanza, yapo chini ya kila somo. Anayefundisha Jiografia namshauri ajiunge, ila somo la kimondo alipitie harakaharaka. Cheti kinalipiwa pembeni, mimi sikukichukua.