Raspberry Pi Pico: bodi ya dola 4 yenye kufuli 32

Pico, bodi ndogo ya kompyuta ya kuendeshea vifaa vya elektroniki, ilipotoka Januari 2021 iliuzwa dola 4, na chipu yake ya RP2040 ina viini viwili vya kuchakata, aina ya Cortex-M0+, vinavyochangia RAM ya kilobaiti 264. Hapo ndipo kazi ilipo. Cortex-M0+ haina amri ya kusoma na kubadilisha thamani kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo hata `hesabu++` ni hatua tatu: soma, ongeza, rudisha. Viini vyote viwili vikisoma 7, vyote vitarudisha 8, na ongezeko moja limekwenda na maji.

Raspberry Pi walilimaliza hilo kwa kufuli 32 za maunzi, kuanzia anwani 0xD0000100; kila moja hushikwa na kiini kimoja tu kwa wakati, na kingine husubiri. Soma rejista (sehemu ndogo ya kumbukumbu ndani ya chipu) ya kufuli: ukipata sifuri, imeshashikwa, ukipata namba nyingine yoyote, ni yako. Kuiachia, andika chochote. Viini vikiifikia kwa wakati uleule, kiini 0 ndicho kinachopewa. Ni rahisi kiasi cha kufurahisha.

Kwa lugha ya C, usijichagulie namba, maana nyingine SDK (maktaba rasmi ya kuandikia programu za Pico) inazitumia yenyewe. Omba kwa `spin_lock_claim_unused(true)`, ipitishe `spin_lock_init` upate `kufuli`, kisha:

`uint32_t hali = spin_lock_blocking(kufuli);`
`hesabu++;`
`spin_unlock(kufuli, hali);`

Hiyo `hali` si pambo. Inahifadhi hali ya intarapti (miito inayokatiza programu ili kazi nyingine ifanywe kwanza), maana kufunga kunazizima kwenye kiini husika, kwa sababu intarapti ikiingia katikati na kuitaka kufuli hiyohiyo, itazunguka milele ikimsubiri mtu iliyemkatiza. Kwa hiyo ndani ya kufuli weka mistari michache tu. `printf`, ya kuchapisha maandishi, ibaki nje. Kiini kikiomba tena kufuli kinayoishika chenyewe, bodi inaganda bila ujumbe wowote wa kosa. Kazi ndefu ipe `mutex_t`, kufuli ya SDK isiyozima intarapti wakati wote imeshikwa, na kupeleka namba moja moja kwenye kiini cha pili, FIFO ya maunzi (foleni ambayo cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka) yenye nafasi 8 kila upande inatosha bila kufuli.

Pico 2 ya Agosti 2024 imeharibu raha kidogo. Chipu yake, RP2350, ina hitilafu iliyosajiliwa kama E2: kuandika kwenye baadhi ya rejista mpya za SIO, sehemu ya chipu yenye kufuli hizo, kunaweza kufungua kufuli ambayo hukuikusudia. SDK inaikwepa kwa kutumia kufuli za programu, kwani Cortex-M33, aina ya viini vya RP2350, ina amri zinazowezesha hilo. Anayetumia vitendaji vya SDK hatagundua tofauti. Aliyezoea kusoma anwani moja kwa moja aandike upya sehemu hiyo kabla ya kuhamia Pico 2.