Tairi kuliwa upande wa ndani: huduma ya wili alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) niliyoipata Mtwara mjini

Gari ni Toyota Premio, tairi 195/65R15. Za mbele zote mbili zilikuwa zinaliwa ndani huku nje kashata (meno ya tairi) bado nene. Magurudumu yakiwa yamenyooka huwezi kuliona hilo. Kata usukani hadi mwisho, inama, kisha pima kina cha mfereji sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Ya kushoto ilisoma milimita 2, 5 na 6. Tairi jipya huwa na karibu milimita 8, na likifika 1.6 limekwisha.

Namna tairi linavyoliwa ndiyo inayokuambia tatizo liko wapi. Likiisha pembe zote mbili na katikati likabaki, upepo ni mdogo. Huku kwetu hili huwapata sana wanaopunguza upepo ili wapite mchanga wa ufukwe wa Msimbati, halafu wakirudi kwenye lami wanasahau kujaza. Likiisha katikati, upepo umezidi, na hapo wa kulaumiwa ni yule anayejaza PSI 40 kila gari inayosimama mbele yake bila kusoma kibandiko cha mlango wa dereva. Mabonde mabonde kuzunguka tairi ni shokapu zilizochoka au balansi.

Kuliwa upande mmoja kuna sababu kuu mbili, na kiganja kinazitenganisha. Pitisha mkono juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Mkono ukipita laini kote kote, shuku kemba, yaani gurudumu limelala, halijasimama wima. Ukikwaruza pale unapotoka nje kwenda ndani tu, gurudumu limefunguka mbele, yaani upande wake wa mbele umeelekea nje. Ukikwaruza pale unapotoka ndani kwenda nje, limejifunga, yaani mbele limeelekea ndani. Langu lilikwaruza kwa kuingia ndani.

Sasa huduma. Gereji iko mjini, ina mashine ya kamera inayofungwa magurudumu yote manne, na bei ya alaimenti ni shilingi 30,000. Kilichonifanya niwape alama nzuri ni kwamba fundi hakukimbilia mashine. Aliipandisha gari jeki, akashika gurudumu juu na chini akalitikisa ili kusikiliza bol joint (kiungo chenye kichwa cha duara) na beringi, kisha kushoto na kulia kwa ajili ya tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu ukikata usukani. Halafu akaingiza mtaimbo kwenye wishboni, mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu. Tairodi endi (ncha ya tairodi) ya kulia ilikuwa na mchezo, yaani imelegea, na bushi (mpira wa kiungo) ya nyuma ya wishboni ya kushoto imechanika. Gereji inayopokea pesa ya alaimenti bila kufanya ukaguzi huo inakuuzia karatasi. Bushi ikiwa imechanika, mkono wa wishboni unasogea kila ukikanyaga breki, kwa hiyo kipimo kilichowekwa gari ikiwa imesimama kinapotea kwenye tuta la kwanza.

Walipokosea ni kwenye kukaza. Bushi mpya ilipokwisha kushindiliwa, kijana alitaka kukaza bolti za wishboni hadi mwisho magurudumu yakiwa yananing'inia. Hapana. Bolti unazishika tu, unashusha gari chini ibebe uzito wake, unaitikisa mara kadhaa, ndipo unakaza kabisa. Ukikaza ikiwa juu, mpira unabaki umepindwa muda wote gari ikitembea, na unachanika mapema. Nilimwambia, akafanya, ila usitegemee wewe utaulizwa. Simama pale.

Karatasi ya kabla ilionyesha magurudumu ya mbele yamefunguka jumla ya milimita 6, yaani 3 kila upande. Zinaonekana chache, lakini tairi hili lina kipenyo cha karibu milimita 635. Milimita 3 kwa 635 ni sawa na kukokotwa kiubavu mita 4.7 hivi kwa kila kilomita. Kutoka Mtwara hadi Masasi kupitia Mingoyo ni takriban kilomita 200, kwa hiyo kila tairi la mbele linasuguliwa pembeni karibu mita 940. Baada ya marekebisho ilisoma milimita 1 ya kujifunga, ndani ya kipimo cha gari. Kemba ilikuwa sawa pande zote mbili, haikuguswa.

Ukiwa na gari ya aina hii yenye ekseli ya nyuma ya boriti (chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma), usikubali kutozwa "alaimenti ya nyuma". Mashine itaisoma, lakini gari haina mahali pa kuirekebishia. Kipimo cha nyuma kikiwa kibaya, tafuta habu au boriti iliyopinda.

Barabarani gari ilikwenda sawa ila usukani ulikaa umelala kushoto. Sababu: hawakuufunga katikati kwa fimbo kabla ya kulegeza lokinati za tairodi. Dawa yake ni kurefusha tairodi ya upande mmoja na kufupisha ya upande wa pili kwa mizunguko ileile, ili kipimo cha jumla kisibadilike. Walirudia bila malipo, na bila kununa.

Kuhamisha tairi niliomba mwenyewe, hawakupendekeza. Kwa gari inayovutwa na magurudumu ya mbele, za mbele zinarudi nyuma upande uleule, za nyuma zinakuja mbele kwa kupishana, isipokuwa tairi lenye mshale wa mwelekeo, ambalo halivuki upande. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 inatosha. Nati za rimu wanakaza kwa mashine ya upepo tu. Toyota hii inataka nguvu ya kukaza ya Nm 103, kwa hiyo rudia kwa spana ya kupimia nguvu hiyo kama unayo.

Nne kati ya tano. Nenda asubuhi tairi zikiwa baridi, na usiondoke bila karatasi mbili, ya kabla na ya baada, maana ya kwanza hawaichapishi mpaka uiombe.